Dada Yetu Ana Ndevu

Jumamosi moja, wiki tano zilizopita, nilivuka uchochoro kwenda kwa jirani yangu hapa Tabata kumrudishia sufuria yake ya pilau. Nikabisha hodi. Akaja mtoto wake wa miaka minne, akanichungulia kwenye nondo za mlango, kisha akageuza shingo na kuita kwa sauti yake yote: "Dadaaa! Kuna mgeni!"

Akatoka mwanaume.

Kijana wa miaka ishirini na kidogo, kidevu kimeshaanza kujaa, kanga ya jirani yangu kaifunga kiunoni, machicha ya nazi yamemganda hadi kwenye viwiko. Nyuma yake, sakafuni, niliiona mbuzi na beseni la tui. Akaniamkia vizuri, akapokea sufuria kwa mikono miwili, akasema mama katoka kidogo, atamwambia nimepita.

"Dada yetu ana ndevu," mtoto akaniarifu, kama anayekwambia kwao kuna geti jipya.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule kijana naye alicheka, ila kile kicheko cha kutaka yaishe. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mume wangu, akacheka. Nikaandika kwenye kundi la mawifi zangu, wakamwaga vikatuni vya kulia machozi. Usiku, taa zimezimwa, kikanirudia kile kicheko chake kifupi.

Kikakataa kuondoka.

## Mtoto hakukosea

Mwanzoni niliusingizia umri wake. Baadaye nikaona katuzidi akili. Kwake yeye dada ni yule anayeamka wa kwanza, anayemwogesha, anayekaa na ufunguo wa kabati la biskuti. Madada watatu wamepita nyumba ile tangu azaliwe. Sura zimebadilika, jina limebaki palepale. Sasa alipokuja wa nne mwenye ndevu, jina lingebadilika kwa sababu gani?

Tulioanza ni sisi watu wazima. "Hausigeli" lilikuwa linanuka dharau, tukalikimbia, tukachukua neno la ndugu tukalivalisha eproni. Limekaa mpaka limezoea. Mwaka juzi mdogo wangu wa tumbo moja alikuja kukaa kwangu miezi miwili akisubiri chuo. Nikamtambulisha kwa fundi bomba, "huyu ni dada yangu," na baada ya dakika tano fundi akawa anamwagiza ndoo na tambara. Mdogo wangu alinuna hadi Ijumaa.

Huwa tunajisifu kwamba Kiswahili hakibagui. Ukisema "amepika, amedeki, amelala," hakuna anayejua kama ni mwanamke au mwanaume, na wanaosoma lugha za watu hutuonea wivu. Haya. Lakini mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mkono wa kulia wazee wanauita wa kuume, na wa kushoto wa kuke. Ndugu wa baba ni wa kuumeni, wa mama ni wa kukeni. Jinsia tuliiondoa kwenye kiambishi tukaificha mwilini.

Wasomi wana neno lao la Kiingereza, "feminization," kwa kazi, desturi au fani inapogeuka kuwa ya wanawake. Nilijaribu kulitafutia la kwetu. Nikachukua "ke," nikalitia kinyambulishi kama tulivyofundishwa sekondari, likatoka "kukesha."

Nikalitazama.

Dada wangu wa kazi alikuwa amekesha juzi yake na mwanangu mwenye homa, ili mimi niwahi kikao cha saa mbili.

## Babu alikuwa boi

Nikampigia mama, Magomeni. Tangu utoto nilijua babu mzaa mama "alifanya kazi kwa Wazungu," na sentensi hiyo kwetu ilikuwa inaishia hapo, kama mlango wa stoo.

"Kazi gani hasa, mama?"

"Alikuwa boi." Akanyamaza. "Mpishi. Aliingia kama boi, akapanda mpaka upishi."

Alishuka kutoka Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapata nyumba Oysterbay. Kanzu nyeupe, chumba cha uani, siku moja ya mapumziko. Alioka mikate, alipika supu za kila aina, alijua kutengeneza pudini ya karameli ambayo wageni wa memsahibu walikuwa wakiiulizia kwa jina. Barua za sifa alizopewa na mabwana zake zilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja. Kiwanja alikinunua kwa mshahara huo. Watoto watano aliwasomesha kwa mshahara huo.

Na hakuwa kioja. Dar es Salaam ya wakati ule kazi ya nyumbani ilikuwa ya wanaume: boi, mpishi, dobi, wa bustani. Mwanamke alikuwa yaya, basi. Miaka ya 1940 wapishi, madobi na maboi wa mji huu tayari walikuwa na chama chao, na mwishoni mwa 1956 wafanyakazi wa majumbani na wa mahoteli waligoma. Naomba uisome tena sentensi hiyo. Wapishi na maboi, wanaume wazima wenye familia, waliweka miiko chini na mji ukasikia. Leo dada wa kazi akitaka kugoma anafunga mfuko wake na kuondoka alfajiri, na sisi tunamwita mtoro.

Waajiri walipobadilika ndipo kazi nayo ilipobadilika. Wazungu waliondoka, tukaingia sisi: karani mweusi na mkewe mwalimu, wote wako kazini, mtoto yuko nyumbani. Sisi hatukuwa na hela ya kumlipa mtu anayesomesha watoto watano. Mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote. Mabinti wakawa wanamaliza darasa la saba kwa maelfu huku nafasi za kidato cha kwanza zikiwa za kuhesabu kwa vidole. Mvulana akikosa nafasi alikwenda kuuza karanga, kubeba mizigo, kujifunza ufundi. Binti alipandishwa basi la Dar, akapokewa Ubungo enzi hizo, Mbezi siku hizi, na mtu aliyetumiwa picha yake.

Ndani ya kizazi kimoja na nusu, kazi ya babu ikawa ya msichana wa miaka kumi na saba. Sufuria ni zilezile.

Kilichonikera ni mpangilio. Je, bei ilishuka kwa sababu waliingia wasichana, au waliingia wasichana kwa sababu bei ilikuwa imeshashuka na wanaume wenye pa kwenda wakaenda? Niliigeuza kwenye daladala asubuhi na jioni. Kila nikiishika upande mmoja, inanitoka upande wa pili.

## "Nilikuwa nampa" na "namlipa"

Aliyenifungulia ni jirani mwenyewe, bila kujua. Tulikuwa kibarazani kwake tunachambua mchicha, nikamuuliza kwa nini safari hii kachukua wa kiume.

"Nimechoka na mabinti. Akizoea, anapata bwana, anaondoka."

"Na mshahara?"

"Yule aliyemtangulia nilikuwa nampa themanini. Huyu namlipa laki na thelathini. Si unajua, mwanaume ana majukumu."

Akaendelea kuchambua. Mimi mkono ulikuwa umesimama.

Yule binti aliyemtangulia namkumbuka. Ana mtoto wa miaka mitatu, analelewa na bibi yake Singida, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akija kwangu nimsaidie kutuma hela kwa simu kwa kuwa yake ilikuwa ya kuazima. Huyu kijana, kwa maelezo yake mwenyewe, hana mke wala mtoto.

Lakini lililonichoma zaidi ni vile vitenzi viwili. Yule "nilikuwa nampa." Huyu "namlipa." Jirani yangu si mtu mbaya, na mimi nazungumza hivyohivyo, wote tunaulizana, "wewe dada yako unampa ngapi?" Hakuna anayeuliza unampa ngapi fundi. Fundi analipwa. Dada anapewa. Tumemwita ndugu, na ndugu anayekupikia humlipi, unamshukuru. Ukisikia hivyo unaona ile heshima ya neno "dada" ilikuwa na punguzo la bei ndani yake.

Nikajitetea kimoyomoyo. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Ile ya 2013 ilikuwa 40,000. Mimi natoa laki. Kwa hesabu hiyo mimi ni mwajiri wa kupigiwa mfano, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikitembea na sifa hiyo moyoni. Kisha nikahesabu saa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Analala saa nne, mtoto akiwa mzima. Nikaacha kuhesabu kabla sijafika Jumapili.

## Ya kike bila mwanamke ndani

Kuna mchumi wa Uingereza, Guy Standing, ambaye mwaka 1989 aliandika juu ya kazi za dunia kugeuka za kike, na alikuwa na maana mbili kwa pamoja. Ya kwanza, wanawake wanaongezeka kwenye ajira. Ya pili, ajira zenyewe zinachukua sura ya zile walizozoea kupewa wanawake: za muda, zisizo na mkataba, zisizo na kesho. Maana hii ya pili haihitaji mwanamke hata mmoja.

Nilipoielewa nikamwona shemeji yangu.

Shemeji ni bodaboda, kijiwe chake kiko Segerea. Kama kuna kazi ya kiume Dar es Salaam, ni hiyo: matusi, mwendo, jaketi zito kwenye jua la Januari. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, iwe mvua iwe jua. Akiugua, hesabu inamsubiri. Hana likizo, hana bima, hana barua. Nikimpanga na dada wangu wa kazi kwenye karatasi moja, tofauti yao ni kwamba dada anakula kwangu na shemeji anakula kwa mama lishe.

Sikumwambia kwamba anafanya kazi ya kike. Namheshimu, na pia ananiletea unga.

Ofisini kwetu niliiona kwa macho. Dawati la wateja lilikuwa na wanaume wawili wa ajira ya kudumu. Walipostaafu, bosi mmoja akasema kikaoni, "pale tuweke kina dada, wana lugha nzuri," na sote tukatikisa vichwa, mimi wa kwanza. Mikataba ikaja ya miezi mitatu mitatu. Lugha nzuri ilikuwepo kweli. Mwaka huu mmoja wao kaondoka, kaja kijana wa kiume, na mkataba wake nao ni wa miezi mitatu. Mlango ukishafanywa mfupi, kila anayepita anainama.

Na kinyume chake kipo. Marekani, kompyuta ya ENIAC ilipozinduliwa mwaka 1946, waliokuwa wameipangia hesabu zake ni wanawake sita, maana kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya ukarani. Ilipokuja kuonekana ina akili na hela, ikaota ndevu. Huku kwetu sihitaji kufika mbali: vitunguu vinakatwa na dada Tabata, vinakatwa na mama lishe Buguruni, vinakatwa na shefu kwenye hoteli za ufukweni. Shefu ndiye mwenye kofia ndefu, na mara nyingi ni mwanaume.

Mama yangu aliijua hiyo kabla ya wachumi. Miaka ya 1980, mshahara wa baba ulipokuwa hauvuki tarehe kumi, yeye alikaanga vitumbua na kufuga kuku uani. Vitumbua vilitulisha sote na kulipa ada. Mpaka leo baba akisimulia anasema mama alikuwa anasaidia hela ya mboga.

## Taarab ikanikwamisha

Hapo nilidhani nimeshapata makala. Kikiitwa cha kike, kinashuka. Nikakaa kuandika. Jirani wa upande wa pili akafungulia redio, ikalia taarab, na mambo yangu yakavurugika.

Maana taarab nayo ilianza mikononi mwa wanaume. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, 1905, ilikuwa klabu ya waungwana na vinanda vyao, nyimbo za Kiarabu. Kisha akatokea Siti binti Saad, binti wa shamba, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi. Leo uliza kijiwe chochote Dar: taarab ni mambo ya kike. Shemeji huyuhuyu wa bodaboda anayajua mashairi ya Khadija Kopa toka enzi za bendi za TOT na Muungano kurushiana mipasho, ubeti kwa ubeti, lakini abiria akipanda anabadilisha wimbo.

Sasa hapa nani kashuka? Waungwana walishuka, sawa. Lakini nimekaa kwenye kumbi zile, nimewaona wanawake wanaoamkia saa kumi na moja kwenye sufuria za watu wakiinuka na noti zao kumtunza mwimbaji kwa ubeti mmoja tu, ule unaomlenga mtu aliyekaa meza ya tatu. Hakuna mahali pengine katika mji huu ambapo wanasema wanachotaka kwa sauti kubwa kiasi hicho, na bendi nzima inawapigia.

Na hata Ikulu. Machi 2021 Rais Samia alipoingia, aliwajibu wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, mwenye maumbile ya kike. Urais haukushuka bei. Ving'ora ni vilevile, na barabara tunafungiwa vilevile.

Kwa hiyo kuingia kwa mwanamke peke yake hakutoshi kushusha kitu. Nadhani (nasema nadhani, na mume wangu hakubaliani nami) kinachoshusha ni pale tunapoamini kwamba hiki angekifanya tu, hata bila hela, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Kuimba mpasho hatuamini hivyo. Tunajua ni kipaji. Kutawala, vivyo hivyo. Lakini kumpoza mtoto anayelia, kukuna nazi, kuwa na lugha nzuri dirishani: tukishaviita maumbile, mshahara unageuka asante.

Mume wangu anasema nakuza mambo, kwamba ni soko tu, wanaotafuta kazi ni wengi. Huenda. Nikamkumbusha kwamba mtoto wetu alipozaliwa sheria ilinipa mimi siku 84 na yeye siku 3, naye akaitumia ya tatu kuangalia mpira. Tukaishia hapo.

## Kaondoka

Yule kijana kaondoka wiki iliyopita. Kapata kazi kwenye mgahawa mmoja Mikocheni, kuosha vyombo. Hela ni pungufu kidogo kuliko ya jirani, na nauli juu yake. Nilimkuta uchochoroni na begi lake, nikamuuliza kwa nini.

"Kule kuna sare, dada," akaniambia. Kisha akaongeza kwamba nyumbani kwao, tangu aje Dar, alikuwa akiwaambia yuko hotelini. Sasa angalau si uongo.

Jirani kaleta binti mwingine. Sikuuliza anampa ngapi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, dada wangu nilimwongezea elfu thelathini na kumpa Jumapili nzima. Alizihesabu hela mara mbili, akanitazama, akauliza kama kuna mtu amefariki.

Juzi nikaenda Magomeni kumwona mama. Nikamsomea vipande vya haya. Alisikiliza huku akichagua mchele, na nilipofika kwa babu akanizuia.

"Andika na hili. Nyumbani hakuwahi kugusa mwiko. Aliweza kukaa na njaa mpaka bibi yako arudi sokoni. Mara moja tu. Bibi yako amelazwa Muhimbili, amejifungua mjomba wako wa mwisho, na sisi tumelia njaa siku mbili kwa uji wa majirani. Usiku akafunga mlango. Akafunga madirisha, joto lile la Desemba. Akawasha jiko la mkaa ndani, akatoa mayai na maziwa aliyokuja nayo, akaunguza sukari, akaweka makaa na juu ya mfuniko. Tukala kimya, ametukataza kucheka. Mpaka leo sijala kitu kitamu vile."

"Majirani hawakujua?"

"Harufu utaifunga na nini? Asubuhi wakamuuliza, mzee, jana kwako kulipikwa nini, mtaa mzima umenukia. Akawaambia amekuja dada yake kutoka Lushoto, kaja kutupikia."

"Kumbe babu alikuwa na dada?"

Mama akapuliza makapi kwenye ungo.

"Hakuwa naye. Kwao walizaliwa wanaume watupu."